Unga wa Aina Mbili

Lori la halmashauri lilifika Jumanne,
limepanda mlima wa Newala kwa gia ya kwanza,
likashusha magunia kumi na tisa
na karatasi moja.
Magunia niliyahesabu mimi, mpishi.
Karatasi alibaki nayo Mwalimu Nandonde,
akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati,
upande wa moyo.

Majina arobaini na mawili.
Juu yake, kwa herufi nene: KAYA MASKINI.
Shule ina watoto mia mbili na sita.
Mimi nina sufuria moja, mafiga matatu,
na ndoo sita za maji zilizopandishwa kutoka bondeni
juu ya vichwa vya wanawake walewale
waliozaa majina hayo.

Siku ya kwanza aliita kama karani wa mahakama.
"Somoe Mkwemba."
Kimya.
"Somoe Mkwemba!"
Mimi nilimwona. Kajibanza nyuma ya tenki kavu,
kikombe chake cha plastiki kakifunika kwa kiganja
kama mtu aliyeshika kifaranga.
Njaa ilimsukuma, jina likamrudisha.
Nani anataka kuitwa maskini mbele ya darasa la tano,
na jua halijapanda bado?

Na Chitanda hakuitwa kabisa.
Kwao kuna bati.
Bwana wa kalamu alipita, akainua macho,
akaona paa linang'aa, akaandika: wanajiweza.
Bati lile ni la msimu ule korosho ilipolipa,
miaka minne imepita. Mwaka huu
ubwiriunga umeshukia maua,
mweupe, laini, kama uliochekechwa usiku,
na baba yake akasimama shambani
akiupangusa kwa kidole kimoja.
Unga shamba zima.
Hausongeki.

Bati haliliwi, bwana.
Mvua ikinyesha linapiga makelele,
na aliyelala chini yake hasikii tumbo lake.
Faida yake ndiyo hiyo.

Chitanda huja na ming'oko ya jana mfukoni.
Wenzake wakinywa, yeye humenya kwa kituo,
nyuma ya darasa la tatu,
kama mtu aliyechagua.

Siku ya nne nilimwambia Mwalimu:
nipe karatasi hiyo, moto umekataa.
Alinitazama.
Kuni zilikuwa mbichi, sikusema uongo,
mkorosho wa juzi, moshi wa kutoa machozi.
Alinitazama tena.
Akatia mkono mfukoni.

Sikuichoma. Ina muhuri, mimi nina wajukuu.
Niliikunja mara ya tano
nikaisokomeza chini ya figa lililokuwa likiyumba,
na sufuria, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne,
ikatulia.

Kisha nikaongeza maji.
Kosa langu ni hilo, liandikwe:
ndoo nne juu ya zile sita,
uji mwepesi, upawa unauona hadi chini.
Mstari ukawa mmoja, ukazunguka bendera,
ukapita tenki,
na Somoe alipofika mbele yangu
hakuna aliyegeuza shingo.
Chitanda alirudi mara mbili.
Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Sasa hesabu. Najua hesabu.
Magunia yaliyopimwa yafike Novemba
hayataiona Septemba.
Leo tumekung'uta la kumi na saba;
Chitanda kalishika pembe moja, mimi nyingine,
vumbi likaruka, likatua kwenye nyusi zake,
akalamba mdomo wa juu, akacheka.

Lori likirudi nitampa dereva karatasi yangu.
Majina mia mbili na sita,
mwandiko mbaya, doa la uji karibu na jina la mwisho.
Atauliza: sahihi ya nani hii?
Nitamwambia aandike:
jikoni.